Mwaka Niliokuwa Sauti ya Mama Kambi

Ilianza Jumamosi, saa nane na robo mchana, mwezi wa pili, mwaka niliokuwa kidato cha tatu. Saa naikumbuka kwa sababu umeme ulikuwa ndio umerudi na uani kila mtu alipiga kelele ya furaha, na katikati ya kelele hiyo mama yangu akaingia na kikapu cha migebuka, samaki wa ziwani, kutoka Kibirizi anakokaa. Nyumba ilikuwa ya mjomba Sudi, kule Mwanga, Kigoma mjini. Si mjomba wangu wa damu. Mkewe, Mama Zuhura, ni rafiki wa mama, na mimi nilikuwa nakaa kwao ili niwe karibu na shule. Mama akaanza kusalimia kwa namna yake, mtu mmoja mmoja, bila haraka. "Mwiriwe, Mama Zuhura. Mwiriwe, Baba Zuhura. Zuhura, umerara vizuri?" Saa nane mchana anamuuliza mtoto kama amelala vizuri. Mama alizaliwa Burundi, na Kiswahili chake kinapita kwenye Kirundi kwanza kabla hakijafika mdomoni. Alipoondoka, mjomba Sudi akageuza kiti chake cha plastiki, akanitazama kama fundi anayepima kitambaa. "Dafo," akasema, "unaweza kuongea kama mama yako?" Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, natazama chini mpaka mwalimu anachoka. Lakini pale uani, sijui kwa nini, nikainua bega kama mama anavyoinua akishuka kwenye gari lililojaa, nikasema, "Ninakuja porepore, jamani, musinisukume!" Mjomba Sudi akacheka mpaka akashika ukuta. Mama Zuhura naye akacheka huko jikoni. Sikuwahi kumchekesha mtu kwa makusudi maishani mwangu. Nilihisi joto zuri kifuani, na hilo joto ndilo lililonifunga.

Mwezi uliopita tulimzika mjomba Sudi. Mimi sasa nina miaka kumi na tisa, shule nimemaliza, na bado kwenye msiba nakaa karibu na mlango. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanakunywa kahawa, na baada ya maneno ya huzuni kuisha wakaanza kukumbushana filamu alizotafsiri. Mmoja, sikumwona uso, akabana pua na kusema, "Ninakuja porepore, jamani, musinisukume!" Turubai zima likaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho nikasikia mtu mzima analia. Wanawake waliokaa nami kwenye mkeka wakatabasamu na kufuta macho. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nilikaa pale nimekumbatia magoti, nikajiona tena kwenye kisanduku alichokuwa akinifungia.

Inabidi nieleze kazi yenyewe. Mjomba Sudi alikuwa na banda la video: mabati, mabenchi, runinga moja kubwa, na kipaza sauti. Filamu inaoneshwa, yeye anakaa mbele pembeni na kuisema kwa Kiswahili papo hapo. Hasemi tu maneno yao. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anawagombanisha, anawatukania mavazi, na akiona hadithi imepoa anaitungia nyingine. Mabanda mengine yote yalikuwa na filamu zilezile za ngumi na za Kihindi. Yeye alipata boksi la filamu za Kiitaliano, nyeusi na nyeupe, za miaka ambayo bibi zetu walikuwa wasichana. Mama Zuhura alikuwa akifua mashuka kwenye nyumba ya wageni walipokaa mafundi Waitaliano waliokuja kujenga barabara, na walipoondoka waliacha boksi chini ya kitanda. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Mjomba Kiingereza hakukijua, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumsomea. Tulikuwa tunakaa jioni kwenye benchi la mbele, sahani ya maharage yenye mawese katikati yetu, mimi nasoma, yeye anameza na kusema, "Endelea, endelea, hapo nimeshapata mzaha." Wote tulidhani watu watakimbia. Hawakukimbia. Zilikuwa filamu za watu wanaogombania bomba la maji uani, wanaolala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, kitanda kimoja, wanaojificha nyuma ya mlango mwenye nyumba akija. Wamama wa sokoni walisema, "Hawa Wazungu gani, mbona wako kama sisi?" Wakaleta na majirani.

Filamu iliyotufikisha pabaya ilikuwa ya familia iliyopanda treni kutoka kusini mwa nchi yao kwenda mji mkubwa wa kaskazini kutafuta kazi. Mama mnene, wanawe watatu, jibini limefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Kila wakifungua mdomo, watu wa mjini wanacheka. Mjomba akaniuliza, "Wanawacheka nini? Si Wazungu wenzao?" Nikamwambia ni nchi moja, lakini wa kaskazini wanawacheka wa kusini wanavyoongea, wanawaona washamba, hawataki hata kuwapangisha. Mjomba akaniambia kwamba alipokuwa kijana Dar, akibeba mizigo, walimwita Mwisho wa Reli, kwa kuwa reli inaishia kwetu Kigoma. "Miaka yote, Dafo. 'We Mwisho wa Reli, huko kwenu mna taa?' Kila nikisema neno, na lafudhi yangu ya Kiha, wanalirudia. Jina langu hakuna aliyelijua." Nilidhani atawahurumia wale watu wa treni. Badala yake macho yakamng'aa, akapiga paja. "Basi tumepata! Hawa ni watu wa kambini. Yule mama ni mkimbizi. Na sauti yake ninayo humu ndani ya nyumba."

Akanijengea kisanduku cha mbao laini nyuma ya ukuta wenye runinga. Ndani kulikuwa na kigoda, kiruninga kidogo kilichoungwa kwa waya ili nione kinachoonekana mbele, na kipaza sauti kilichofungwa kwenye mpini wa fagio. Ukutani alining'iniza mablanketi ili sauti isivume. Alitaka watu wasijue sauti ya Mama Kambi ni ya nani, maana kubahatisha ni sehemu ya raha, na kwa kuwa watoto walikuwa wakizunguka nyuma kuchungulia, aliweka ndoano nje ya mlango. Filamu ikianza ananifungia, ikiisha ananifungulia. Hakuwa mtu mbaya. Kila mara aliniuliza, "Una maji? Umekwenda chooni?" Halafu ndoano inalia. Bati lilikuwa juu ya kichwa changu kabisa, jua la Kigoma likilipiga, na mablanketi yalinuka jasho langu mwenyewe. Upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wanakufa kwa kicheko. Mwenye nyumba wa kaskazini, naye mwanamke, anafungua mlango, anamwambia Mama Kambi hapangishi watu wa kwao, Mama Kambi anajibu, na hayo majibu aliyapanga mjomba: kwamba yeye choo cha ndani hakijui, kwamba alidhani taa ni mwezi mdogo. Mimi nilichangia sauti, bega, na maneno ya mama yangu ya kila siku. Nilimtoa mama kipande kipande.

Kufika mwezi wa tano maneno yalikuwa yametoka bandani na kutembea. Mabodaboda waliyasema sokoni. Shuleni kwetu aliingia mwanafunzi mpya, Evelina, kutoka makazi ya Warundi, msichana mrefu, mpole, sweta lake limefuliwa mpaka rangi imekimbia. Asubuhi ya kwanza alisalimia kwa Kirundi, "Bwakeye", akajisahihisha haraka, lakini wavulana walikuwa wameshasikia. Toka siku hiyo kila akiingia darasani sauti kumi zinamfuata: "Musinisukume! Musinisukume!" Wengine waliiga vizuri, hata ile pumzi ndogo kabla ya neno, ambayo ni ya mama na ambayo niliiweka mimi. Nilikuwa nafungua kitabu na kusoma mstari mmoja mara nyingi. Siku moja Evelina akakaa karibu nami wakati wa uji. "Wewe huchekagi," akasema. "Wenzako wote wanachekaga." Nikamwambia sijisikii vizuri tumbo. Akanimegea kipande chake cha muhogo wa kuchemsha, akasema utanisaidia. Hakujua kwamba na mimi nyumbani kwetu tunasema bwakeye. Hakuna aliyejua shuleni. Jina langu linaweza kuwa la kabila lolote, na Kiswahili changu nilikinyoosha mwenyewe tangu darasa la pili, neno kwa neno, kama mtu anavyochambua mawe kwenye mchele.

Nilijaribu kujitoa. Nilimwambia mjomba nimechoka kumfanya Mama Kambi, bora nirudi kusoma maandishi tu. Tulikuwa tunakula. Akashangaa kweli. "Umechoka? Binti, watu wamekuja kutoka Ujiji na Gungu kwa ajili yako. Umeona mbele pamejaa?" Mama Zuhura akachukua kipande cha mgongo wa mgebuka, kile kinene ambacho siku zote ni cha baba mwenye nyumba, akakiweka kwenye sahani yangu. Ningefanya nini na kipande kile? Nilikila. Wangenifokea ningejua pa kushika. Lakini walinipenda, walikuwa wameninunulia na sare mpya, na usiku nilisikia kupitia ukuta mjomba akimwambia mkewe, "Yule mtoto ana kipaji, Mungu kaniletea." Nilikuwa nalala nimekunja miguu nikifikiri: nikikataa, nitasema sababu gani? Sababu ni mama. Na nikimtaja mama, shule nzima itajua sauti ni ya nani na nimeitoa wapi.

Kuna filamu nyingine ambayo haikuwa na Mama Kambi, nami siku hiyo nilikaa mabenchini na watu. Ilikuwa sherehe ya matajiri. Katikati ya wageni akapita mwanamke mweusi, mtumishi, amebeba sinia la glasi. Banda likalipuka. "Dada yetu huyo!" "Kafikaje huko?" "Sudi, mpe maneno!" Mjomba akasema kwenye kipaza sauti, "Nitampaje maneno jamani, mdomo wenyewe haujafunguliwa." Yule mtumishi akapita tena, sinia tupu, akaingia jikoni, asionekane tena. Baadaye kidogo akatokea mtu wa kujifanya chifu wa Afrika, ni Mzungu yuleyule tuliyemzoea kwenye filamu nyingine, amepakwa masizi usoni, midomo imeachwa myeupe, anarukaruka na kutoa sauti za nyani. Kicheko kilianza halafu kikafia njiani. Mzee mmoja fundi cherehani akauliza, kwa upole kabisa, "Nchi nzima walikosa mtu mweusi?" Kijana nyuma akamjibu, "Si yule wa sinia yuko jikoni? Wangemwita tu." Watu wakacheka, lakini kwa hasira, na mwanamke mmoja akasonya akasema yeye anatoka nje kununua karanga. Nilibaki nimeganda kwenye benchi. Walikuwa wamekasirika, na haki yao. Na kesho yake hao hao wangekuja kumdai Mama Kambi. Mimi nilikuwa yule wa jikoni, nikaitwa hatimaye, na kabla sijafika mbele nikapakwa masizi.

Halafu ikaja Jumapili ya mwezi wa tisa. Nilikuwa kisandukuni, ndoano imeshafungwa, picha za mwanzo zinapita, nikasikia mbele mtu anaingia kwa kuchelewa. "Mwiriwe. Mwiriwe. Samahani, baba, nipite. Mwiriwe." Mama Zuhura, kwa wema wake, alikuwa amemleta mama kuburudika. Sauti ya kijana ikasema, "Eeh, Mama Kambi kaja mwenyewe!" Kicheko. Nikasikia mabenchi yanasogezwa, watu wanamfinyia njia, na mama, ambaye nilidhani hajui kitu, akasema neno lake la siku zote, "Ninakuja porepore, jamani, musinisukume." Sijawahi kusikia kelele kama ile. Mabati yalitetemeka. Watu walipiga makofi, walipiga mabenchi, mtu alikuwa anapiga kelele, "Rudia, mama! Rudia!" Na mjomba Sudi, kipaza sauti mkononi, hakuweza kujizuia: "Mabibi na mabwana, leo tunayo asili na nakala!" Nilisukuma mlango. Ndoano ilishika. Nikausukuma kwa bega, kwa miguu, hakuna aliyenisikia. Kwenye kiruninga treni ikawa imefika, yule mama mnene anashuka na jibini lake, anafungua mdomo. Zamu yangu. Kipaza sauti kilikuwa mbele ya uso wangu, taa yake nyekundu inawaka.

Sikusema. Yule mama mnene wa kwenye filamu alifungua mdomo na kuufunga, tena na tena, na hakuna kilichotoka. "Sauti! Sauti!" watu wakapiga kelele. Mjomba akasema Mama Kambi amechoshwa na safari. Wakacheka, wakangoja, wakaanza kuzomea. Katikati ya zomeazomea nikamsikia mama yangu akisema kwa sauti ya kawaida, anawaambia watu wa pembeni yake, "Mumuache ashuke kwanza. Ametoka mbari." Wakacheka tena. Mwishowe mjomba mwenyewe akabana koo na kumfanya Mama Kambi, vibaya, kama kuku, na watu wakaridhika, maana kumbe hata vizuri hawakuhitaji. Niliivumilia filamu yote nimefunika masikio na blanketi. Ndoano ilipofunguliwa sikumtazama mjomba.

Jioni tulikula uani, ugali wa muhogo na dagaa, bila maneno mengi. Mjomba alitoka mapema kwenda kuswali. Mama angelala kwetu, kesho arudi Kibirizi. Mama Zuhura akainuka kukusanya vyombo, akasema kwa haya, "Mama Dafo, usituchukulie vibaya, ni michezo tu. Siku zote sauti anaifanyaga Dafo." Basi ikawa imesemwa. Nilitazama vidole vyangu vyenye ugali. Mama akatafuna mpaka akamaliza.

"Nirijua," akasema. "Kibirizi wapagazi wananiambia hiro neno mwezi wa ngapi sasa. Nikajiuriza, nani anakaa na mimi karibu hivyo?"

"Nisamehe, mama."

"Kuongea vire ni kwangu, mwana wanje, mwanangu. Mimi sina aibu nako. Umekuria humo." Akanawa mkono taratibu. "Ire akiri mbovu ndiyo siyo yangu. Hiyo murimuongezea wapi? Mama anatoka na watoto watatu, anavuka nchi, anawafikisha wote wazima, harafu taa anadhani ni mwezi?"

Mama Zuhura alisimama na sufuria mkononi, hakuenda popote.

"Na tena," mama akasema, "pare mrangoni kwa mwenye nyumba. Yure mama arisema kitu. Nirimuona mwenye nyumba, uso urimuanguka, akakosa pa kutazama. Mutu wa kusema ujinga hamfanyi mwenzake hivyo. Arisema nini kwa kweri?"

Nikamwambia sikumbuki. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemsomea mjomba maneno yale mara moja tu, mwezi wa pili, naye alisema hayana mzaha, akayaruka. Mama akasema basi, akajifunika kitenge, akaingia kulala kwenye godoro langu, upande wa ukutani kama nilipokuwa mdogo. Nililala nyuma ya mgongo wake nikisikiliza anavyopumua. Nilitegemea kupigwa au kuliliwa, nikapewa swali.

Asubuhi yake niliamka kabla ya adhana, nikachukua ufunguo wa banda msumarini, nikafungua mwenyewe. Sikuingia kisandukuni. Nilikaa benchi la mbele, nikaisogeza ile filamu mpaka mlangoni kwa mwenye nyumba, nikasoma maandishi yale, nikarudisha nyuma nikasoma tena, mpaka nikawa nayo yote kichwani. Niliporudi uani mjomba Sudi alikuwa anapiga mswaki karibu na karo, na jikoni mama alikuwa anapuliza mkaa. Nilikuwa nimeshavaa sare. Nikasimama mbele ya mjomba, nikamwambia, "Shikamoo, mjomba. Mama Kambi nitamfanya, lakini kwa maneno yake mwenyewe. Hayo ya choo na mwezi siyasemi tena. Na ile ndoano uitoe."

Akatema povu. "Marahaba. Maneno yake yapi? Si nilikwambia hayana mzaha? Watu hawatacheka, Dafo."

Nikainua bega. Nilimfanya kwanza mwenye nyumba, kwa Kiswahili cha shuleni, kikavu: "Sipangishi watu wa kwenu. Mnafuga kuku bafuni na mnaongea vibaya." Halafu nikavuta ile pumzi ndogo, na kwa sauti ya mama yangu, bila kubana kitu, nikamjibu: "Sawa, mama. Rakini mayai unayokura kira asubuhi yanatoka kwetu. Yakiwa mdomoni mwako, yanaongea vibaya?"

Mjomba alibaki na mswaki hewani, anafikiri, anapima kama kawaida yake. Jikoni mama alikuwa tayari anacheka.